Nyumba ya matofali bila plasta, Isyesye: kazi ya msanifu tuliyemlipa

Niseme bei kwanza, maana ndiyo swali la kila anayesimama getini. Ubunifu wa nyumba yetu uligharimu shilingi 2,400,000, tukalipa kwa awamu tatu. Humo mna michoro ya usanifu, ya mhandisi, ya umeme na ya maji, pamoja na ile orodha ya vifaa na gharama ambayo kila mtu anaiita BOQ. Ramani za kwenye simu zinauzwa laki mbili, laki tatu. Shemeji yangu alisema tumeibiwa mchana kweupe. Mimi nasema hatukuibiwa, ila yapo mambo mawili ambayo ningedai chenji yangu. Ofisi yenyewe siitaji, kwa sababu nitayasema yote, matamu na machungu, na Mbeya tunafahamiana.

Mimi nauza mchele Mwanjelwa. Mume wangu ni dereva wa lori, njia yake ni ya Tunduma. Tuna watoto watatu na mama mkwe, ambaye nyumba nzima tunamwita Bibi. Kiwanja kipo Isyesye, mita 20 kwa 30, kimepimwa na kina hati. Tulikuwa tunakitamani kingine cha mlimani, unasimama pale unauona mji wote, mpaka Aprili 2024 tope la Mlima Kawetele liliposhuka Itezi likafunika nyumba za watu na shule. Mjadala wa kuangalia mji ukaishia hapo.

Mume wangu alikuwa na ramani yake tayari kwenye simu. Vyumba vinne, vyoo vitatu, sebule mbili, mita za mraba 182, na lile paa la kuficha ambalo kuta zinapanda juu kuliko bati. Picha ilikuwa nzuri, siwezi kukataa. Mwenye picha hiyo hajui kama kiwanja chako kipo Mbeya au Mtwara, na mvua ya Mbeya ikianza Novemba haina habari na picha. Paa la kuficha linataka mfereji ndani ya kuta, na mfereji ukiziba majani, maji yanatafuta njia ya kuingia sebuleni. Nyumba za namna hiyo tumezihesabu mtaani kwetu, nyingi zina ramani nyingine darini, iliyochorwa na maji.

Tulitaka matofali ya kuchoma yaonekane nje, bila plasta. Mimi hasa ndiye niliyetaka. Mkoa wetu umejaa matofali mekundu mazuri, kisha tunayafunika kwa plasta na rangi ya krimu ndipo tuseme nyumba ni ya kisasa. Fundi wa kwanza tuliyeongea naye alicheka, akasema hiyo ni kazi rahisi, "unaacha tu kupiga plasta." Kauli hiyo ndiyo iliyonipeleka kwa msanifu.

Kwa nini? Plasta inasitiri. Fundi akipinda, plasta inanyoosha. Fundi umeme akichelewa, anatindua ukuta, analaza paipu zake, plasta inafunika kidonda. Mlango ukikaa vibaya, unabomoa pembeni na kujaza. Ukuta wa matofali matupu haukusitiri kwa lolote. Kila kilichoamuliwa kwa kuchelewa kinabaki pale, wageni wakinywa chai wanakitazama. Kwa hiyo anayejenga hivi hanunui michoro tu. Ananunua maamuzi yote kabla tofali la kwanza halijalala, na hicho ndicho kipimo nilichotumia kumpima msanifu huyu.

Nilihakikisha kwanza kwamba jina lake limo kwenye orodha ya Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Hilo lifanyeni wote, maana vishoka wapo wengi na kompyuta kila mtu anayo. Ni binti wa miaka thelathini na kitu. Alisema, "Shikamoo mama," akamwamkia na Bibi kwa adabu, akakaa. Nilijiandaa kuulizwa vyumba vingapi. Swali lake la kwanza likawa, "Matofali mtanunua kwa nani?"

Nikamwambia bado. Akasema basi na yeye bado hawezi kuchora. Tumletee matofali kumi kumi kutoka kila tanuru tunalolifikiria.

Hapo nilianza kumpenda, kwa sababu habari ya matanuru naijua upande wangu. Pumba za mpunga zinazobaki mashineni tunapokoboa zilikuwa uchafu wa kuchoma kando ya barabara. Siku hizi wafyatua matofali wanazifuata kwa lori, maana kuni zimekuwa ghali na milima imebaki vipara. Tanuru la pumba linaungua polepole, moto unasambaa, na likipangwa vizuri matofali ya katikati na ya pembeni hayapishani sana. Tanuru la kuni la haraka haraka linakupa ya katikati yaliyoungua hadi kupinda, na ya nje mabichi ya rangi ya chungwa. Kwa nyumba ya plasta yote yanapita. Kwetu yasingepita.

Msanifu alitufundisha kupima na kazi tukaifanya wenyewe nyumbani. Gonganisha mawili: lililoiva linalia kama chuma, bichi linatoa sauti ya bubu. Kwaruza kwa msumari: lisichimbike. Kisha lipime kavu, lilaze kwenye maji usiku kucha, lipime tena asubuhi. Mizani si ninayo ya dukani! Tofali la tanuru tulilolichagua lilikuwa kilo 2.7 kavu na kilo 3.1 likiwa limelowa, yaani limekunywa kama asilimia 15 ya uzito wake. La jirani yake, ambalo bei ilikuwa chini na rangi ikiwa ya kupendeza zaidi, lilitoka kilo 2.6 likafika 3.3. Hiyo ni asilimia 27. Msanifu alisema likipita 20 tuliache, na kwa ukuta usio na plasta hilo si la kujadili, maana ndilo litakalosimama kwenye mvua miaka yote. Mwenye tanuru la pili bado hajanisamehe kwa kumpimia bidhaa yake kama mchele.

Baada ya hapo alifanya jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa mtu yeyote mwenye ramani. Aliyapanga matofali kumi kwa mstari, akapima, akagawa kwa kumi. Akafanya hivyo kwa upana, akafanya kwa kimo. Ya kwetu yalitoka wastani wa sentimita 22 kwa 10.5 kwa 7. Weka mota ya sentimita moja: urefu unakuwa 23, upana 11.5, na kozi moja, yaani mstari mmoja wa matofali, sentimita 8. Nyumba yote ikachorwa kwa namba hizo. Chumba cha watoto hakina mita 3.5, kina sentimita 346, kwa sababu hapo nusu tofali zinaingia 30 na mota ya mwisho. Madirisha ya sebuleni ni sentimita 150.5. Lenta, ule mkanda wa zege wa juu ya milango na madirisha, inakaa juu ya kozi ya 27, na kuta zinaishia kozi ya 36, yaani mita 2.88.

Fundi wetu mkuu alipoona 150.5 alidhani ni makosa ya kuandika. Akataka aweke 150, "hiyo nusu ni ya nini?" Nusu hiyo ndiyo inayofanya tofali linalopakana na dirisha liwe zima au nusu kamili, badala ya kipande cha kuvunja kwa mwiko. Nenda kaangalie nyumba yoyote ya matofali ya wazi iliyojengwa bila hesabu hii. Kando ya kila dirisha utaona vipande: kimoja vidole viwili, kingine vitatu, kingine kimejazwa mota tupu. Jicho linakuambia kuna kitu hakijakaa sawa hata kama hujui ni nini. Kwetu jengo zima halina kipande kilichovunjwa nje, isipokuwa kwenye kipembe cha paa ambako hakukwepeki.

Kisha akatupunguzia nyumba. Kutoka mita za mraba 182 hadi 128. Mume wangu alinuna siku nzima. Alichofanya binti ni kutuuliza nani anakaa wapi saa ngapi, akaandika kwenye karatasi, akaigeuza tujisomee. Sebule ya pili haikuwa na mtu hata saa moja ya wiki nzima. Korido ya ramani ya simu ilikuwa na urefu wa mita tisa, na korido ni chumba unachokijengea msingi, ukuta, bati na taa ili mtu apite. Choo cha tatu kikaondoka. Stoo yangu ikaongezwa, ina mlango wake wa nje, sakafu iliyoinuliwa na matundu ya hewa yenye wavu wa chuma chini na juu, nikapakua magunia bila kupitisha vumbi la mchele jikoni. Kwenye ramani ya laki mbili stoo ilikuwa kabati.

Chumba cha Bibi kina hadithi yake. Mimi nilishampangia cha nyuma, kimya, mbali na televisheni. Msanifu akamwuliza mwenyewe, "Bibi, asubuhi ya baridi unapenda kukaa wapi?" Bibi akasema, "Juani." Jua gani? Bibi akanyoosha mkono bila kufikiri: mwezi wa sita linakuwa upande ule, mwezi wa kumi na mbili linahamia upande huu. Binti akafungua karatasi zake akatuonyesha kwamba Bibi amesema sawasawa na hesabu. Mbeya ipo karibu nyuzi 9 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo Juni jua la saa sita mchana linasimama kaskazini, kwenye kimo cha kama nyuzi 58, na Desemba linasogea kusini, nyuzi 75 hivi. Mji wetu upo mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na anayeishi hapa anajua usiku wa Julai unavyouma. Sisi si watu wa Dar wa kulikimbia jua.

Basi sebule na chumba cha Bibi vikaelekea kaskazini. Upande huo paa limetoka nje ya ukuta sentimita 60 tu, jua la Juni lipite chini yake liingie ndani. Pande nyingine limetoka sentimita 90, likinge mvua isipige matofali. Ukuta wenyewe ni wa tofali zima, sentimita 22. Unashika joto la mchana, unalirudisha polepole jioni. Sisemi nyumba ina joto kama ya Kyela. Nasema Julai iliyopita Bibi hakuomba jiko la mkaa chumbani, na mwaka wa nyuma katika nyumba ya kupanga aliliomba kila siku, nami nikawa silali kwa kuogopa moshi. Kwangu hilo peke yake ni laki kadhaa. Mlango wake ni wa sentimita 90 na bafu lake halina ngazi wala kizingiti, kwa ajili ya siku ambayo atahitaji kusukumwa.

Umeme ndio uliogombanisha watu. Kawaida fundi umeme anakuja boma likishasimama. Msanifu alitaka swichi na soketi zote ziamuliwe kabla ya msingi, na paipu zipande ndani ya ukuta kozi kwa kozi pamoja na matofali. Tulikaa mezani jioni nzima: televisheni hapa, friji pale, soketi ya simu kando ya kitanda cha nani. Watoto waligombana kama wanagawana urithi. Fundi umeme alilalamika kwamba anaitwa kila fundi mwashi akipanda kidogo, na ikabidi tumwongeze pesa. Lakini zunguka nyumba yangu yote, hutaona paipu nyeupe iliyopigiliwa juu ya tofali wala kiraka cha kutindua.

Kabla ya kuanza alidai pia ukuta wa majaribio, mita moja kwa mita moja, pembeni ya kiwanja. Kozi moja matofali yanalala kwa urefu, inayofuata yanakatiza ukuta, mota sentimita moja, mistari inafutwa kwa kipande cha nondo kabla haijakauka. Yule fundi wa kwanza wa "unaacha tu kupiga plasta" alishindwa hapo hapo. Mota ilikuwa inatapakaa usoni mwa matofali. Aliyekuja baada yake ni mzee wa Tukuyu, aliyejenga ukuta ule kwa timazi na kamba huku anapiga mluzi. Yeye ndiye tuliyempa kazi. Alisisitiza matofali yaloweshwe kabla ya kujengea, maana tofali kavu linanyonya maji ya mota na mota inabaki vumbi. Kwenye michoro jambo hilo lilikuwa limeandikwa, na mzee hakuhitaji kusoma.

Ukuta mmoja wa namna hiyo unakula matofali 109 kwa mita ya mraba. BOQ ilisema 19,000 kwa nyumba yote pamoja na ya kuvunjika. Tulimaliza yakabaki machache, yakawa njia ya kuelekea kwenye karo la kufulia.

Mhandisi wao simsahau. Aliweka lenta inayozunguka nyumba nzima bila kukatika, na bimu nyingine juu ya kozi ya mwisho, nondo zikafungwa na nguzo za pembeni. Shemeji alisema saruji inatupwa kwa nyumba isiyo na ghorofa. Mbeya imekaa ndani ya bonde la ufa. Kule Rukwa, jirani zetu, Desemba 1910 ardhi ilitikisika kwa kipimo cha takriban 7.4, na Kagera, Septemba 10, 2016, kipimo cha 5.9 kilitosha kuangusha na kupasua nyumba nyingi za matofali. Tofali linabeba mzigo mzito ukilikandamiza, lakini ukilivuta au kulitikisa pembeni halina nguvu, na mkanda wa zege ndio unaolishika. Kwa nje msanifu aliirudisha lenta ndani kwa sentimita chache, ionekane mstari mwembamba wa kivuli. Wapita njia wanadhani ni urembo.

Uzio ndio ulionifurahisha zaidi, pengine kwa kuwa mimi ni mfanyabiashara. Binti alipendekeza matofali yasimamishwe kwa ubavu, mawili yakitazamana na kuacha nafasi tupu katikati, kisha moja la kukatiza kuyafunga. India ya kusini, katika jimbo la Kerala, msanifu Laurie Baker aliujulisha sana mtindo huu kwenye nyumba za gharama nafuu, na Kigali nako unajengwa. Kwa vipimo vyetu mita ya mraba inakula matofali 84 badala ya 109. Karibu robo nzima imebaki mfukoni, na mota inapungua pia. Mzee wa Tukuyu aliutazama mchoro kwa dharau, akajenga kozi mbili, akanyamaza, akaendelea. Ni kazi ya taratibu kidogo. Usipatane na fundi kwa tofali, patana kwa mita. Nilimwuliza msanifu mbona hakutumia mtindo huo kwenye nyumba. Akasema angetaka fundi aliyekwisha kuuzoea kabla ya kumpa ukuta unaobeba paa. Jibu la mtu anayejua mpaka wake.

Sasa machungu.

La kwanza ni muda. Tuliahidiwa michoro yenye mihuri kwa wiki sita, ikaja baada ya miezi mitatu na ushei. Bila mihuri ya msanifu na mhandisi huwezi kupeleka maombi ya kibali cha ujenzi Jiji, na bila kibali unajenga huku unachungulia barabarani. Mvua zilitukuta msingi haujafunikwa. Kila nikipiga simu naambiwa mhandisi yupo safarini. Nikasema basi mpeni kalamu huko huko safarini.

La pili ni usimamizi. Mkataba uliandika "ushauri wakati wa ujenzi" bila kusema mara ngapi. Sisi tulielewa binti atakuja. Ofisi ilielewa atapokea simu. Alipokuja kiwanjani tulitozwa shilingi 80,000 kila mara, na nyumba ya namna hii haiendi kwa simu. Kozi ya 12 upande wa magharibi ilianza kuteremka, mzee akiwa kwenye msiba Tukuyu na vijana wake wakijenga peke yao. Kwa bahati binti alipita siku ileile, wakabomoa kozi nne. Asingepita, ningekuwa na mteremko huo mbele ya macho yangu hadi uzeeni. Andikisheni idadi ya ziara kwenye mkataba, msingi, lenta na kupaua zikiwemo.

Mengine ni madogo. Kitako cha simtanki hakikuwepo kwenye mchoro wowote, tulikibuni wenyewe na kimekaa pabaya. Chemba ya jikoni ilichorwa mahali ambapo gari linapita. Bei za nondo kwenye BOQ zilikuwa za zamani, tukapungukiwa tukiwa kwenye lenta, nikauza mchele kwa bei ambayo sikuipenda. Na dirisha la jiko ni dogo. Nililisema mapema, nikaambiwa litaharibu mpangilio wa ukuta wa nje. Aliyesema hivyo hapiki ugali wa watu sita.

Baada ya mvua za kwanza ukuta ulitoa unga mweupe, hasa chini karibu na msingi. Niliogopa. Ni chumvi iliyomo kwenye tofali au mchanga, maji yakikauka inabaki juu. Unasubiri ukuta ukauke unasugua kwa brashi kavu. Ukiumwagia maji unairudisha ndani. Mwaka wa pili ilitoka kidogo sana. Mtu wa duka la rangi alitaka kuniuzia vanishi ya kupaka nyumba nzima, ing'ae. Msanifu alikataa, akisema tofali likifungwa uso, unyevu uliomo ndani unakosa pa kutokea. Ilinipunguzia gharama, nikakubali haraka.

Ndani tumechanganya. Sebule ina ukuta mmoja wa matofali wazi, vyumba vya kulala vimepigwa plasta na rangi nyeupe, kwa sababu Bibi aliweka msimamo: hawezi kulala kwenye nyumba ambayo haijaisha. Mtaani nako neno ni hilohilo. "Hongereni, mmejitahidi. Plasta mtapiga lini?" Mwanzoni nilikuwa naeleza. Sasa nasema mchele ukilipa. Kuna mama mmoja wa kanisani aliniambia kwa huruma kabisa kwamba Mungu atatufungulia. Ila yamekuja magari mawili ya watu wasiotujua, wakashuka, wakapiga picha ukuta wa mbele, mmoja akauliza matofali tumeyatoa Afrika Kusini. Ni ya hapo chini, nikamwambia, yamechomwa kwa pumba.

Je, nawashauri mumchukue? Kwa nyumba ya matofali yasiyo na plasta, ndiyo, na nyota nne kati ya tano nampa. Anajua tofali, anajua jua, anasikiliza wazee, na anaweza kumwambia mwanaume mwenye picha kwenye simu kwamba sebule moja inatosha. Kama utapiga plasta nje na ndani na kiwanja chako ni tambarare, sidhani kama unahitaji kulipa kiasi hicho. Mtafute anayechora vizuri kwa nusu ya bei, ila mhandisi usimruke. Na ukienda kwake, mpelekee matofali siku ya kwanza. Nenda na tarehe ya mihuri uliyoiandika wewe, na fidia kwa kila wiki itakayopita. Niliposema hivyo ofisini wakati wa awamu ya mwisho walicheka, lakini mteja aliyenifuata, rafiki yangu wa Soweto ya hapa Mbeya, ameniambia mkataba wake una kifungu hicho, na ziara tano zimo ndani ya bei. Dirisha la jiko naye amelipigania. Amepata mita 1.2.